Mume wangu anasema tulikuja Lubumbashi kutafuta, si kutembea

Shangazi, shikamoo.

Mimi na mume wangu ni Watanzania, kwetu Mbeya. Tuko Lubumbashi, huku Kongo, tangu mwaka juzi, tumepanga nyumba komine (wilaya ya mji) ya Kampemba. Mume wangu yuko na kampuni ya kusafirisha mizigo, anafuatilia malori yanayotoka bandarini Dar es Salaam mpaka hapa. Kila wiki lazima aende Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na foleni ikiwa ndefu analala hukohuko. Mimi ni fundi cherehani. Mashine nimekuja nayo, ila wateja bado wa kuhesabu. Mtoto wetu tumemwacha kwa bibi yake mpaka tujipange.

Shida yangu si njaa wala kipigo, namshukuru Mungu. Shida yangu ni Jumapili.

Kule nyumbani tulikuwa watu wa kutoka, na wala hatukuwa na pesa. Tulikuwa tunapanda daladala, tunashuka mahali, tunakula ndizi na nyama, tunarudi tunacheka. Tuliwahi kupanda mpaka Ziwa Ngosi, miguu ikauma siku tatu. Tulipooana alinipeleka Matema, Ziwa Nyasa, tukalala kule. Sijasahau.

Hapa amekuwa mtu mwingine. Jumapili asubuhi analala. Mchana anakwenda kwenye baa wanakokutana Watanzania wenzake, madereva na mawakala wa forodha, kuangalia mpira. Simba ikicheza, hata mvua inyeshe vipi atafika. Nikisema twende wote ananijibu, "Pale ni pa wanaume, utachoka bure." Anarudi giza limeshaingia, tunakula, analala. Nikimwambia nataka kuuona mji huu anasema, "Tulikuja kutafuta, si kutembea. Tukishapata, tutatembea kwetu."

Mwezi wa sita alikubali. Akanipeleka mgahawa mmoja mkubwa katikati ya mji. Menyu yote Kifaransa, bei kwa dola. Aliagiza kwa kuonyesha kidole. Kila nikimtazama namwona anapiga hesabu. Wakati wa kulipa, mhudumu akamrudishia noti ya dola ishirini kwa sababu ilikuwa na mpasuko kidogo pembeni. Hakuwa na nyingine. Ikabidi nitoe faranga zangu za sokoni, nikazihesabu moja moja pale mezani, watu wanaangalia. Kwenye teksi hakusema neno. Tulipofika getini akasema, "Umeona? Ndiko kutoka unakokutaka huko." Tangu siku hiyo sijamwomba tena. Kuna siku aliniambia nimsindikize Kasumbalesa arudi nami jioni, nikamwambia nikafanye nini kwenye malori na vumbi.

Mama mwenye parsele (kiwanja cha nyumba) tunayoishi ananipenda. Ananiita twende naye soko la Kenya, komine ya hapahapa mjini, ananialika na kwenye kwaya yao. Naogopa kwenda bila mume wangu, atasema nimeanza kuzurura. Halafu nikifungua simu naona mashoga zangu wako ufukweni na waume zao, nalia peke yangu.

Shangazi, nimlazimishe? Nitoke mwenyewe? Au ninyamaze mpaka turudi kwetu?

Mke wa mtafutaji, Kampemba

*

Marahaba, binti yangu. Na karibu Lubumbashi, ingawa ninakukaribisha kwa kuchelewa.

Barua yako imenigusa, na kila nikiirudia ninasimama pale ambapo wewe ulipita mbio. Mumeo alikuambia umsindikize Kasumbalesa, ukakataa. Mama, ule ulikuwa mwaliko. Mwanaume aliyeaibika mezani mbele ya mke wake hakurudi kukuambia "nisamehe, tujaribu tena mgahawa mwingine." Alikuita mahali anapopamudu. Kule mpakani anajua nani ni nani, anajua karatasi ipi inaanza na ipi inafuata, madereva wanamwita kwa jina. Alitaka umwone akiwa mtu mwenye maana katika nchi hii ya kigeni. Wewe uliona vumbi tu. Sikulaumu, maana hakukueleza, na wanaume wengi hawajui kueleza jambo kama hilo. Lakini mlango ule bado uko wazi, na mimi ningeanza na huo.

Mwambie wiki hii: "Siku utakayokwenda Kasumbalesa na kurudi siku hiyohiyo, nichukue." Ni kilomita kama 90 tu. Njiani mtapishana na malori yaliyobeba shaba, mtaona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara, na mvua zikianza, akina mama wanauza uyoga wa porini kwenye mabeseni. Nunueni. Mkifika, usimsumbue kazini, kaa mahali atakapokuonyesha, ule naye mchana. Saa zile za kwenda na kurudi ndani ya gari moja ni mazungumzo mengi kuliko mliyopata mwezi mzima uliopita.

Sasa nije kwenye ule mgahawa, kwa sababu naamini ugonjwa ulianzia pale.

Mumeo alichagua vibaya, lakini alichagua kwa mapenzi. Alitaka kukuheshimu, akakupeleka mahali anapodhani ndipo pa heshima. Bei za migahawa ile ya katikati ya mji zinafuata mifuko ya watu wa migodi, watu ambao chakula chao kinalipiwa na kampuni. Wenyeji wengi wa hapa hatuingii kule, na hatujioni wanyonge kwa hilo. Ile noti pia usiiweke moyoni, na umwambie na yeye asiiweke. Dola yenye mpasuko, hata uwe mdogo namna gani, hapa inarudishwa. Mimi niliyezaliwa mji huu ninarudishiwa. Anayepanga kulipa kwa dola huzikagua noti nyumbani kabla ya kutoka, na huweka franka pembeni. Hakuna aliyemdharau mumeo siku ile. Ila yeye aliona kwamba amedharauliwa, na mbaya zaidi, mbele yako. Nina uhakika maneno yale ya getini hayakuwa ya hasira juu yako.

Tangu hapo, ukitamka "tutoke," yeye anasikia menyu ya Kifaransa na noti iliyorudishwa. Ndiyo maana kumlazimisha hakutasaidia. Wala kunyamaza mpaka mrudi kwenu, hilo nalikataa kabisa. Hamjui mtarudi lini. Watu wa malori husema mwaka mmoja, ikafika kumi. Ndoa haiwekwi kwenye foleni ya forodha ikingoja karatasi.

Nataka utoke naye kwenda mahali ambapo yeye anajua kitu, au mahali ambapo nyote wawili hamjui kitu na hakuna bili ya kutisha. Panga wewe. Yeye kazi yake iwe kukubali tu.

Umesema ni shabiki wa Simba. Nimeshangaa sana kwamba katika barua yote hakuna neno Kamalondo! Mumeo anaishi mji mmoja na uwanja wa TP Mazembe, timu kubwa ya hapa, ulioko komine ya Kamalondo na uliofunguliwa 2011, mwaka uleule Mbwana Samatta alipotoka Simba kuja kuchezea hapa. Hapohapo Kamalondo, Novemba 2015, ndipo Mazembe walipomaliza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika dhidi ya USM Alger wakachukua kombe, na Samatta alikuwa mshambuliaji wao, na Thomas Ulimwengu, Mtanzania mwingine, alikuwa kwenye timu ileile. Miezi miwili baadaye Samatta akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Watu wa mji huu hawajamsahau. Mwambie mtu yeyote wa Kamalondo kwamba unatoka Tanzania, uone atakachoanza nacho.

Basi mwambie mumeo: "Nataka uniambie habari za Samatta ukiwa umenionyesha alipocheza." Hapo hatakuwa mtu wa kuonyesha kidole kwenye menyu. Atakuwa mwalimu wako. Atakueleza nani ameotea na kwa nini, na utamwona yule mwanaume wa Ngosi amerudi. Nenda naye siku ya mechi ya kawaida, ya mchana. Mechi ya Mazembe na Lupopo iacheni kwa baadaye. Timu hizo mbili za mji huu zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, na zikikutana mji unagawanyika, watu wanabanana, na mgeni hajui aende upande gani. Kaeni jukwaa la kukaa, msiende kwenye kona ya wanaosimama na ngoma. Mkitoka, tafuteni michopo ya mbuzi kwenye jiko la mkaa, kipande kinakatwa mbele yenu, bei mnakubaliana kabla hakijawekwa motoni. Na munkoyo, kama hujawahi kunywa: ni kinywaji cha mahindi na mizizi. Wewe mtu wa Mbeya utakikaribisha mdomoni bila shida, kimekaribiana na togwa.

Kuhusu saa, nimekupigia hesabu. Saa yetu iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Mechi ya Simba inayoanza saa kumi na moja jioni kwenu, hapa ni saa kumi. Maana yake Jumapili, kuanzia asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mumeo hana mpira wowote wa kukimbilia. Ana usingizi tu. Usimnyime baa yake. Mtu aliye ugenini anahitaji kusikia lugha ya kwao, matusi ya kwao ya mpira, habari za barabara ya Tunduma. Kule anapumua, na kama ni pa wanaume, pabaki pa wanaume. Lakini si kila Jumapili, na si Jumapili nzima. Hilo mwambie wazi, bila machozi, siku ya katikati ya wiki akiwa ameshiba: "Saa kumi ni ya Simba. Kabla ya hapo ni yangu." Ni maneno ambayo mwanaume anaweza kuyakubali bila kuona amepoteza.

Mahali pengine pa kuanzia ni bustani ya wanyama, iko mjini humuhumu. Jumapili baada ya ibada familia zinaingia na watoto waliovaa vizuri, na hakuna anayekuuliza Kifaransa. Mnatembea, mnakaa kwenye kivuli, mnarudi. Mtakapokuwa huko mtampigia mtoto simu ya video mkamwonyesha simba. Nimeona umemtaja mtoto kwa sentensi moja tu ukapita, na nadhani nyumba yenu ina ukimya ambao hata mumeo anaukimbia.

Kuna na makumbusho ya taifa. Ulizeni kwanza siku na saa za kufungua kabla ya kufunga safari. Najua wengi wanadhani makumbusho ni ya wazungu na wanafunzi. Lakini mumeo kila wiki anaona malori yakitoka na mabamba ya shaba. Pale ndani kuna misalaba midogo ya shaba ambayo wazee wa nchi hii waliiyeyusha na kuimwaga kwenye kalibu karne nyingi kabla ya reli kufika hapa 1910. Walikuwa wanaitumia kama pesa, walikuwa wanalipia mahari. Asimame mbele ya kile kisanduku cha kioo. Nina hakika atakuwa na la kusema, kwa sababu ni mzigo uleule anaoufuatilia barabarani.

Maporomoko ya Lofoi, ndani ya hifadhi ya Kundelungu, maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Nimeyataja kwa sababu ulitaja Matema. Lakini ile ni safari ya gari imara, ya kiangazi, na ya kukusanyia pesa polepole. Msianze nayo.

Mambo machache ya usalama, maana yeye pia anaogopa, hata kama hajakuambia. Tembeeni na nakala za pasipoti na karatasi zenu za ukaazi, kila mmoja zake. Msipige picha majengo ya serikali, askari, reli, wala ule mnara mrefu wa kiwanda cha shaba, hata ukikupendeza namna gani. Utazameni kwa macho. Mwende na taksi-basi mchana, na mrudi nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu giza la hapa linaingia mapema na usiku mji wetu una watu wabaya. Kiasi cha pesa mkubaliane nyumbani, kwa franka, mkitaje kabisa, na ukibebe wewe. Ukikibeba wewe, yeye hatapiga hesabu mezani, na utauona uso wake.

Sasa, kuhusu mama mwenye parsele.

Nenda naye. Hapa sina "lakini." Mke aliyefungiwa ndani siku saba anamngoja mume kama mtu anayengoja deni, na mume akiingia tu mlangoni anasikia anadaiwa. Wewe ni fundi cherehani, na soko la Kenya limejaa vitenge na mafundi. Mguu mmoja kule unaweza kukupa wateja kuliko mwaka mzima wa kukaa getini. Na kwaya za hapa zinashona sare kila sikukuu, hilo nalo lifikirie. Usitoke kwa siri, na usiombe kama mtoto wa shule. Mwambie tu usiku uliotangulia: "Kesho nakwenda na mama soko la Kenya, tutarudi saa nane." Mwache mama mwenyewe amsalimie mumeo na kumwambia, "Ninamchukua mke wako, nitamrudisha." Mwanaume wa Kitanzania atamjibu mama mtu mzima kwa heshima, siwezi kumwona akikataa. Ukirudi, mpikie sombe (kisamvu) na fretini (samaki wadogo) ulizonunua mwenyewe, umwambie ulizipataje na ulipunguziwa kiasi gani. Kidogo kidogo utakuwa wewe ndiye unayeujua mji, na yeye atakuwa anakuuliza.

Zile picha za mashoga zako ziache. Wewe mwenyewe ungepiga picha ndani ya ule mgahawa kabla bili haijaja, wao wangelia pia.

Kuna jambo nimelibakiza kwa sababu linaniuma kulisema. Inawezekana utafanya haya yote, utapanga Kamalondo, utaomba Kasumbalesa, utaweka franka mkononi, na bado atajibu "tulikuja kutafuta." Akikataa mara moja, ni uchovu, mpe wiki nyingine. Akiendelea kukataa kila unachopendekeza, hata kisicho na gharama, hata kutembea mpaka mwisho wa avenyu jioni, basi tatizo haliko kwenye kutoka tena, na kulizungukia kwa mipango ya Jumapili ni kupoteza muda. Hapo kaa naye umuulize moja kwa moja: anadaiwa? Kuna jambo kazini? Kuna mtu? Anataka urudi Mbeya kwa mtoto? Muulize moja baada ya jingine, na kila moja umwache ajibu mpaka mwisho kabla ya kuuliza linalofuata. Kama yuko mzee kati ya wale Watanzania anaowaheshimu, hasa mwenye mke hapa, mwombe akae nanyi siku hiyo.

Lakini nisikutishe. Mtu aliyekubali kwenda mjini mara ya kwanza, akalipia kwa kujikaza, na baada ya aibu ile bado akakuita Kasumbalesa, hajakuchoka. Anza na Kasumbalesa. Ukirudi, niandikie uyoga ulikuwa wa bei gani.